Safu ya Wanamuziki: Besi Chini ya Jukwaa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kupiga gitaa la besi katika mchezo wa kuigiza wa nyimbo, pale bendi inapokaa chini mbele ya jukwaa au, kama ilivyo katika kumbi nyingi za Mombasa zisizo na shimo la bendi, ubavuni nyuma ya pazia. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamooni wahariri. Mimi hupiga besi kanisani kwa kusikia, na solfa naisoma vizuri kwa sababu ya kwaya. Sasa nimeitwa kwenye mchezo wa nyimbo na kupewa kitabu kinene cha nota za mistari mitano. Onyesho ni baada ya wiki 8. Nikariri tu kutoka kwenye rekodi?
*Mpiga besi, Changamwe*

Marahaba. Rekodi isikilize, lakini usiifanye ndiyo kitabu chako. Huenda kundi lenu limeshusha wimbo nusu toni ili umfae mwimbaji, au limekata ubeti, na hayo rekodi haiyajui.

Usiandike solfa juu ya kila nota pia. Do huhama kila ufunguo unapobadilika, na nyimbo za jukwaani hupenda kupanda nusu toni katikati ya safari. Utajikuta ukifuta na kuandika upya usiku kucha. Shika kwanza alama nne, yaani nyuzi zako zisipobanwa: E imekaa kwenye kimstari kifupi chini ya mistari mitano, A iko katika nafasi ya kwanza kutoka chini, D imekaa kwenye mstari wa katikati wenyewe, na G iko katika nafasi ya juu kabisa. Nota nyingi utakazokutana nazo ziko hatua moja au mbili kutoka kwenye mojawapo ya hizo. Mpiga kinanda akikwambia nota yako inalia chini kuliko ilivyoandikwa, ni kweli. Besi huandikwa okteva moja (toka do hadi do inayofuata) juu ya inavyolia, ili ukurasa usijae vimstari vya chini.

Solfa itakusaidia upande wa mapigo, na huo ndio upande mgumu. Tayari unajua kwamba nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja hulikata pigo nusu, na kistari huirefusha sauti. Nota za mistari zinasema hayohayo kwa vichwa na mikia. Kabla ya kushika gitaa, piga makofi mstari mzima huku ukihesabu kwa sauti. Mara nyingi besi ni do na so za kordi, na sikio la mtu wa kwaya litazikisia. Mapigo hayakisiwi.

Wiki mbili za mwanzo pitia kitabu chote polepole, penseli mkononi. Zungushia duara kila mahali ufunguo unapobadilika, mapigo yanapobadilika, na alama zinazokurudisha nyuma. Ukiona "V.S." chini ya ukurasa, maana yake geuza upesi. Nakili kwa mkono vipimo vinne (vyumba vya nota kati ya mistari ya wima) vya ukurasa unaofuata kwenye kipande cha karatasi, ukibandike hapo chini, upate nafasi ya kugeuza bila kuacha nota. Baada ya hapo achana na nyimbo rahisi, shughulikia yale maduara tu. Wiki mbili za mwisho ziwe za waimbaji. Tumia penseli laini ya 2B, kamwe si kalamu, kwani vitabu vya kukodi hurudishwa vikiwa vimefutwa. Na kwa kuwa feni haziepukiki huku Pwani, beba vibanio vinne vya nguo vya kushikia kurasa.

Kitabu kina nota za chini kuliko uzi wangu wa E. Sina besi ya nyuzi tano. Nifanyeje?
*Msomaji, Bamburi*

Zihesabu kwanza. Kama ni D na E fleti tu, legeza uzi wa E mpaka D, na ukumbuke kwamba kwenye uzi huo kila kitu kimesogea freti mbili: E ni freti ya 2, F ya 3, G ya 5. Fanya hivyo kwa wimbo mzima, wala usijaribu kulegeza na kukaza katikati ya wimbo. Ikiwa zinashuka mpaka C au B, pandisha okteva. Hapa wengi hukosea: hupandisha ile nota moja tu, na mstari unaoteremka ngazi kwa ngazi unaruka juu ghafla kwenye ngazi ya mwisho. Pandisha sentensi nzima ya muziki, tangu pale inapoanzia. Hakuna atakayegundua.

Mahali fulani pameandikwa "Vamp" juu ya vipimo viwili vyenye alama za kurudia. Siku moja tunazunguka mara tatu, siku nyingine mara tisa. Na majuzi mwigizaji aliruka ubeti mzima, bendi ikasambaratika. Mpiga besi anapaswa kufanya nini?
*Kundi la vijana, Kisauni*

Vampu ni vipimo vinavyozungushwa mpaka jambo fulani litimie jukwaani: neno lisemwe, mlango ufungwe, kitanda kiondolewe. Kwa hiyo usihesabu mizunguko. Juu ya vampu andika neno la mwisho litakalosemwa kabla ya kutoka, na ni nani analisema. Kisha vikariri vile vipimo viwili kabisa, ili macho yawe huru kumtazama mwongozaji wa muziki. Kwa kawaida ataonyesha ishara ndani ya kipimo cha mwisho cha mzunguko, nanyi mtatoka mwanzoni mwa kipimo kinachofuata. Vitabu vingine huruhusu kutoka kwenye pigo lolote, kwa hivyo muulizeni wakati wa mazoezi, si siku ya onyesho.

Piga vampu vilevile kila mzunguko, bila mapambo. Mpiga besi akiongeza vinota vya kupandia mwishoni mwa kila mzunguko, mwimbaji hudhani ndiyo tunatoka, anavuta pumzi, na anaanza peke yake. Mapambo ya kutoka mwachieni mpiga dramu.

Kuhusu ubeti ulioruka: mwongozaji atatamka kwa mdomo herufi au namba iliyo ndani ya kisanduku kitabuni. Kama hukuinasa, nyamaza. Besi ikikosekana kwa vipimo vinne, kinanda na gitaa vitaziba. Besi ikilia mahali pasipo pake, mwimbaji anapotea, kwa sababu anaipima sauti yake juu ya yako. Sauti ya C ikiwa juu ya besi ya A ni kitu kimoja, na C hiyohiyo juu ya F ni kitu kingine kabisa, hata kama yeye hakubadilisha lolote. Sikiliza maneno, kisha ingia kwenye pigo la kwanza la kisanduku kinachofuata kwa nota moja ndefu. Ndiyo maana tunasisitiza muandike maneno matatu ya mwanzo ya kila ubeti juu ya vipimo vyake. Mpiga besi asiyejua maneno ya wimbo hana pa kurejea.

Waliokulia kwenye taarab wana faida yao. Mkikuta "colla voce", mwendo unamfuata mwimbaji, na mtu aliyezoea kumngoja mwimbaji amalize ghani yake atajua la kufanya: vuta pumzi naye, mtazame mwongozaji, shusha nota pamoja na silabi nzito.

Mwisho, kaeni karibu. Sauti huchukua karibu milisekunde 3 kusafiri mita moja. Mpiga besi aliye mita 10 kutoka kwenye dramu anazisikia zikiwa zimechelewa milisekunde 30, naye akizifuata anachelewesha zaidi. Kaa ndani ya mita mbili za hi-hati, zile sahani mbili za dramu zinazogonganishwa kwa mguu. Kama bendi iko nyuma ya pazia na mnamtazama mwongozaji kwenye televisheni, tumieni kamera ya waya, na televisheni muiweke kwenye hali ya michezo ya kompyuta, maana hali ya kawaida huichelewesha picha.

Waimbaji wanalalamika kwamba besi inafunika maneno. Mimi nilipo hata siisikii vizuri, kwa hiyo naongeza sauti. Nani ana haki?
*Mpiga besi, Tudor*

Nyote mna haki, na chanzo ni kimoja: amplifaya iko sakafuni, miguuni pako. Wimbi la uzi wa E, ambao hutetemeka mara 41 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 8. Linazipita goti zako, linaenda kuvimba ukutani kwa watazamaji, na sakafu ya mbao ya jukwaa inatetemeka nalo mpaka ndani ya maikrofoni za waigizaji.

Iondoe amplifaya kwenye kona, kwani kona huikuza besi. Iweke juu ya kreti ya soda, uilaze nyuma kidogo ili spika ikutazame usoni. Punguza eneo la hezi (mitetemo kwa sekunde) 120 hadi 200, ongeza kidogo karibu na 800 upate kusikia vidole vyako, na kama una kichujio, kata kila kilicho chini ya hezi 40. Mwombe fundi wa sauti akate chini ya hezi 100 kwenye maikrofoni za waimbaji. Katika ukumbi wa watu mia mbili tatu, amplifaya ndogo ya wati 50 hadi 100 yatosha.

Lakini mitambo haitamaliza kazi kama nota zako ni ndefu kupita kiasi. Tazama ukurasa: nota ya pigo moja, kisha pumziko la pigo moja. Wengi huiacha nota iendelee kulia ndani ya pumziko, na ni palepale ndipo mwimbaji anapotamka ile "k" au "t" inayolipa neno maana. Pumziko limeandikwa kwa ajili yake. Nyanyua kidole cha kushoto uzi ukiwa bado umeguswa, na cha kulia kiuguse uzi papo hapo. Kwa nyimbo za zamani zilizoandikiwa besi kubwa ya kusimama, kata kipande cha sponji ya godoro, unene wa sentimita moja hivi, kichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja. Nota itaanza imara na kufa upesi, na utaona malalamiko yakipungua bila kugusa kitasa cha sauti.

Besi yangu inanguruma, na taa za jukwaani zikififishwa inazidi.
*Msomaji, Mtwapa*

Kama ngurumo inapungua ukigusa nyuzi, besi yenyewe ndiyo inayovuta kelele hewani: geuka, sogea mbali na vifaa vya kufifishia taa, na kama ina pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) mbili za koili moja moja, fungua vitasa vyote viwili sawasawa, kwani nyingi zimetengenezwa ili zifutane kelele. Chukua stima kutoka soketi isiyo ya taa. Waya wa besi usilale sambamba na nyaya za taa. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa msalaba. Kwenye DI, kile kisanduku kinachounganisha besi na mitambo ya sauti, bonyeza kitufe cha kukata ethi, kwani hicho kinakata ethi ya waya wa sauti tu. Ethi ya plagi ya pini tatu usiikate hata siku moja. Hapa kwetu stima ni volti 240 na mikono hutoka jasho. Ukihisi nyuzi zinakurusha, zima kila kitu na umwite fundi wa stima kabla ya kugusa chochote.

Kila siku navuka Likoni na besi mgongoni. Nyuzi zinashika kutu upesi na shingo imepinda. Kuna dawa?
*Mpiga besi, Likoni*

Begi liwe na kifuniko cha mvua hata siku ya jua, maana upepo wa feri una chumvi. Baada ya kupiga, futa kila uzi juu na chini kwa kipande cha leso kuukuu ya pamba iliyo kavu. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi huku Pwani kuliko zilizopakwa nikeli. Ukiitoa besi kwenye chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuifungua, la sivyo itatoka jasho na kupoteza toni wimbo wa pili. Kama ni besi ya betri, chomoa waya kila unapopumzika: jeki ndiyo swichi yake, na betri ya volti 9 huisha kimyakimya.

Shingo ipime hivi. Ukishaweka toni, bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama pengo juu ya freti ya 7 au 8. Liwe kama unene wa kadi ya biashara, karibu milimita 0.3. Likizidi, kaza ile parafujo ya shingo robo mzunguko kuelekea kulia. Kama hakuna pengo kabisa, legeza robo. Rudisha toni, subiri mpaka kesho, pima tena. Ikigoma kuzunguka, usiilazimishe, mpelekee fundi wa magitaa. Na usifanye hivyo siku ya onyesho.

Nikae au nisimame?
*Msomaji, Nyali*

Keti, kwenye stuli isiyo na mikono, na mkanda uwe begani hata ukiwa umeketi. Urefu wa mkanda uwe uleule wa siku zote, mkono wa kushoto usibadilishe pembe, na besi isikuteleze unaponyoosha mkono kugeuza ukurasa.