Maswali ya Wasomaji: Lesotho, Ufalme Uliozungukwa na Nchi Moja

Ramani ya nchi wanachama wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, tuliyoichapa katika toleo lililopita imetuletea barua nyingi kuhusu nchi moja tu, ile iliyo kama kisiwa katikati ya Afrika Kusini. Tumechagua barua nne ambazo, zikijibiwa pamoja, zitagusa karibu yote waliyouliza wengine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi wangu wameniuliza imekuwaje nchi ndogo kama Lesotho ikakaa ndani ya nchi kubwa yenye nguvu bila kumezwa. Niliwajibu kwamba imelindwa na milima. Je, jibu hilo linatosha?
*Mwalimu, Njombe*

JIBU: Mwalimu, milima ni sehemu ya kwanza ya jibu, na ni sehemu kubwa. Lesotho ina eneo la kilometa za mraba 30,355, kwa hiyo Tanzania ni kubwa kuliko nchi hiyo kwa zaidi ya mara 30. Duniani kuna nchi tatu tu ambazo zimezungukwa kabisa na nchi moja, nazo ni San Marino na Vatikani, zote zikiwa ndani ya Italia, pamoja na Lesotho. Sehemu yake ya chini kuliko zote, pale mto Makhaleng unapoingia mto Senqu, iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna nchi nyingine ambayo sehemu yake ya chini iko juu kiasi hicho. Upande wa mashariki milima ya Maloti na Drakensberg hupanda hadi kilele cha Thabana Ntlenyana chenye mita 3,482, ambacho hakina mpinzani katika ukanda wote wa kusini mwa Afrika, na katika majira ya baridi, yaani Juni hadi Agosti, theluji huanguka huko na kufunga njia.

Hata hivyo, milima haijui kujadiliana na maadui. Sehemu ya pili ya jibu ni mtu aliyezaliwa mnamo mwaka 1786 katika kijiji cha Menkhoaneng, mtoto wa chifu mdogo asiye na sifa kubwa, ambaye historia inamjua kwa jina la Moshoeshoe wa Kwanza. Miaka ya 1820 eneo hilo lilikumbwa na vita na njaa ambazo Wasotho huziita Lifaqane. Koo zilisambaratika, mifugo ikaporwa, na watu wakafikia hatua ya kulana. Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamishia watu wake Thaba Bosiu, kilima chenye kilele bapa kilichozungukwa na majabali. Juu yake kuna chemchemi na malisho, na njia za kupandia ni chache na nyembamba kiasi kwamba walinzi wachache wenye mawe ya kuporomosha waliweza kulizuia jeshi zima.

Masimulizi ya Wasotho yanaeleza kwamba katika safari hiyo ya kuhamia Thaba Bosiu, babu yake Moshoeshoe aliyeitwa Peete alibaki nyuma, akakamatwa na wala watu na kuliwa. Wapambe walitaka wauaji wauawe. Moshoeshoe alikataa, akisema kwamba watu wale sasa ndio kaburi la babu yake na kwamba kaburi halivunjwi. Akaagiza wafanyiwe matambiko ya kutakaswa na wapewe mifugo ili waache kula watu. Mwaka 1831 Wandebele wa Mzilikazi waliishambulia Thaba Bosiu wakashindwa, naye akawapelekea ng'ombe wakiwa wanarudi nyuma, kwa maelezo kwamba bila shaka njaa ndiyo iliyowaleta. Hawakurudi tena. Kwa njia hiyo wakimbizi wa koo nyingi walimkimbilia, akawapa ardhi na mifugo ya kutunza, na taifa la Wasotho likaundwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwa ndugu wa damu.

Mimi naona kwamba ustadi wake mkubwa zaidi ulikuwa kumpa adui nafasi ya kuondoka bila aibu. Mwaka 1833 aliwakaribisha wamisionari Wafaransa, akiwamo Eugène Casalis, ambaye alikuja kuwa mshauri wake katika mambo ya nchi za nje. Mnamo Desemba 1852 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Cathcart lilikwenda kumtoza faini ya ng'ombe, likakuta upinzani ambao halikuutarajia. Badala ya kushangilia, Moshoeshoe alimwandikia jenerali barua ya kuomba amani kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa, na Cathcart akapata sababu ya kuondoka.

Makaburu wa Orange Free State, jamhuri yao iliyokuwa jirani, walikuwa na shida nyingine, kwa sababu wao hawakutaka faini bali walitaka mashamba. Mnamo Agosti 1865 kamanda wao Louw Wepener aliuawa akijaribu kuipanda Thaba Bosiu kupitia njia ya Khubelu, na kilima hicho hakikutekwa kamwe. Makaburu walichokifanya ni kuchoma mazao na kuchukua mifugo bondeni mpaka njaa ikaingia. Ndipo Moshoeshoe, akiwa mzee, alipopata alichokuwa akikiomba kwa miaka: tarehe 12 Machi 1868 Gavana Philip Wodehouse alitangaza kwamba Wasotho ni raia wa Malkia wa Uingereza. Nchi ilinusurika, lakini sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya ngano na mahindi iliyo magharibi mwa mto Mohokare ilibaki mikononi mwa Makaburu, na leo miji ya Ficksburg na Ladybrand imesimama juu yake. Mwanafunzi akitazama ramani na kuuliza kwa nini mpaka umefuata mto huo, mwambie kwamba unaonyesha mahali ambapo vita vilisimamishwa, siyo mahali ambapo Wasotho walianza kuishi.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1871 Uingereza iliikabidhi nchi kwa Koloni la Rasi (Cape), koloni lake la kusini kabisa, bila kuwauliza wenyewe. Serikali ya Rasi ilipotaka kuwanyang'anya bunduki mwaka 1880, Wasotho walipigana nayo hadi ikachoka, na mwaka 1884 wakarudi chini ya utawala wa moja kwa moja wa Uingereza. Ushindi huo ndio uliowaokoa, kwa kuwa Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka 1910, Koloni la Rasi liliingia humo na kila kilichokuwa chake, ilhali Basutoland, kama ilivyoitwa, ilibaki nje. Watawala wa Afrika Kusini waliendelea kudai wapewe, nao Wasotho waliendelea kukataa, hadi siasa ya ubaguzi wa rangi ilipolifanya jambo hilo lisiwezekane tena. Uhuru ulipatikana tarehe 4 Oktoba 1966.

SWALI: Mhariri, naomba kufahamu kama mfalme wa Lesotho ana madaraka sawa na yule wa Eswatini, kwani watu wengi hapa kwetu huzichanganya nchi hizi mbili.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Hazifanani. Eswatini imepakana na Msumbiji pia, na mfalme wake, Mswati wa Tatu, aliye madarakani tangu 1986, ndiye mwenye kauli ya mwisho serikalini, huku vyama vya siasa vikiwa haviruhusiwi kusimamisha wagombea. Lesotho inafuata Katiba ya mwaka 1993, ambayo inamfanya Mfalme Letsie wa Tatu kuwa mkuu wa nchi na alama ya umoja wa taifa bila mamlaka ya utendaji. Anayeongoza serikali ni Waziri Mkuu, ambaye lazima aungwe mkono na wabunge wengi.

Bunge lina mabaraza mawili. Baraza la Taifa lina wabunge 120, na Seneti ina watu 33, ambao 22 kati yao ni machifu wakuu wanaoingia kwa kurithi na 11 huteuliwa na mfalme kwa kushauriwa na Baraza la Nchi. Vijijini, chifu angali na nafasi yake katika mambo ya jamii, na wananchi bado huitwa kwenye mkutano wa hadhara unaojulikana kama pitso, ambao msomaji wa Tanga ataufananisha kwa urahisi na baraza la kijiji.

Utaratibu huu umepatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1970 Waziri Mkuu Leabua Jonathan alipoona chama cha Ntsu Mokhehle kinashinda, aliufuta uchaguzi, akatangaza hali ya hatari, na Mfalme Moshoeshoe wa Pili akapelekwa uhamishoni Uholanzi kwa muda. Jonathan mwenyewe aliangushwa na jeshi mnamo Januari 1986, baada ya Afrika Kusini kufunga mipaka na kuinyima nchi mafuta na chakula, kwa kuwa Lesotho ilikuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa harakati za ukombozi. Chuki hiyo ilikwisha kumwaga damu hapo kabla: tarehe 9 Desemba 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru usiku na kuua watu 42, wakiwamo Wasotho 12. Wananchi hao walilipia ukombozi wa jirani yao kwa uhai wao, na ni haki watajwe kila historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika inapofundishwa.

Demokrasia iliporejea mwaka 1993, tatizo lilihamia kwenye hesabu za kura. Mwaka 1998 chama kimoja kilipata viti 79 kati ya 80 ingawa kilikuwa na takriban asilimia 60 tu ya kura. Ghasia zilizuka, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na katikati ya Maseru kukateketea. Kuanzia uchaguzi wa 2002 wabunge 80 huchaguliwa majimboni na 40 hugawiwa vyama ili viti vilingane na kura. Mfumo huo ulituliza hasira za walioshindwa, lakini tangu 2012 umezaa serikali za mseto, nyingine zikivunjika kabla ya wakati wake. Mwaka 2022 chama kipya cha mfanyabiashara Sam Matekane kilipata viti 56, vikawa pungufu ya nusu, naye akaunda serikali kwa kushirikiana na vyama vidogo.

SWALI: Je, mwanamke anaweza kukikalia kiti cha enzi cha Lesotho?
*Msomaji wa kike, Mombasa*

JIBU: Kwa sasa hapana, dada yetu, lakini wanawake wamekishikilia kwa niaba ya wanaume. 'Mantsebo, mjane wa Chifu Mkuu Seeiso, aliiongoza nchi kama mlezi wa mrithi kuanzia 1941 hadi 1960, muda ambao ni mrefu kuliko wa viongozi wengi waliomfuata. Malkia Mamohato, mke wa Moshoeshoe wa Pili, naye alishika nafasi hiyo mara tatu, mwaka 1970, 1990 na 1996. Mtoto wa kwanza wa mfalme wa sasa ni binti, Senate, ila mrithi ni mdogo wake Lerotholi aliyezaliwa mwaka 2007.

SWALI: Nimesoma kwamba Lesotho huiuzia Afrika Kusini maji. Maji hayo hufikaje huko, na mwananchi wa kawaida anafaidi nini?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Mkataba ulitiwa saini tarehe 24 Oktoba 1986, miezi tisa tu baada ya jeshi kumwondoa Jonathan, na inafaa msomaji azikumbuke tarehe hizo mbili kwa pamoja. Kwa asili yake maji ya milimani hutiririka kuelekea kusini-magharibi kupitia mto Senqu, ambao ukivuka mpaka huitwa Orange na humalizikia katika bahari ya Atlantiki. Mradi umeyageuza yaelekee kaskazini. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, lilikamilika mwaka 1996 katika mto Malibamatso, kisha likaongezewa maji ya bwawa la Mohale. Kutoka Katse maji huingia katika handaki lililochimbwa ndani ya mwamba, huendesha mitambo ya umeme ya Muela yenye uwezo wa megawati 72, kisha huendelea chini ya ardhi hadi upande wa pili wa mpaka. Urefu wa njia hiyo ya chini kwa chini ni zaidi ya kilometa 80. Huko humwagwa katika mto Ash, yakafika bwawa la Vaal, na hatimaye yakafunguliwa kwenye mabomba ya Johannesburg na Pretoria. Yalianza kufika huko mwaka 1998.

Faida ipo. Hazina hupokea mrabaha, barabara za lami zimefika katika mabonde ambayo zamani yalifikiwa kwa farasi tu, na umeme wa Muela umepunguza kuitegemea Afrika Kusini. Lakini ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya nchi hiyo inayofaa kulimwa, na milimani udongo mzuri hupatikana mabondeni, hapo hapo panapojazwa maji. Familia zilizohamishwa zimelalamika kwa miaka mingi kwamba fidia haikulingana na shamba lililokuwa likirithiwa na watoto. Jambo moja linastahili kusifiwa bila kusita: mwaka 2002 mahakama za Lesotho zilimtia hatiani aliyekuwa mtendaji mkuu wa mradi kwa kupokea hongo, kisha zikazitia hatiani na kampuni za kigeni zilizotoa hongo hizo, jambo ambalo mataifa tajiri zaidi yamekuwa yakiliogopa.

Kabla ya maji, Lesotho iliipelekea Afrika Kusini wanaume. Wakati fulani zaidi ya Wasotho laki moja walikuwa wakifanya kazi katika migodi yake, na mishahara yao ndiyo iliyozilisha familia milimani. Migodi ilipopunguza watu kuanzia miaka ya 1990, sehemu ya pengo hilo ilizibwa na viwanda vya nguo vya Maseru na Maputsoe, ambavyo huajiri zaidi wanawake na hutegemea soko la Marekani. Mrabaha wa maji hauwezi kuajiri watu wengi kiasi hicho, kwa sababu bwawa likishajengwa halihitaji mikono mingi. Awamu ya pili ya mradi, ambayo ni bwawa la Polihali katika wilaya ya Mokhotlong pamoja na handaki la kuliunganisha na Katse, sasa inajengwa, na vijiji vya bonde hilo vimo katika mazungumzo yale yale ya fidia ambayo wenzao wa Katse na Mohale waliyapitia.