Siku ya kushuka na baiskeli Morzine: tunza mikono kuliko miguu

Ndugu wengi wanaokuja Uswisi au Ufaransa kiangazi na kutaka kujaribu kushuka milima ya Alps kwa baiskeli huniuliza wafanye mazoezi gani ya miguu. Miguu haina shida. Kupanda utapandishwa na gari la kamba, wewe na baiskeli yako. Kitakachokuangusha saa nane mchana ni vigasha: misuli inajaa, inakuwa migumu kama ubao, vidole vinakataa kufunga breki, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa hiyo ushauri wangu wote unahusu breki na mikono, hata pale nitakapoonekana nazungumzia jambo jingine.

Nazungumzia Morzine kwa sababu ndiko ninakokujua zaidi. Ni mji wa Ufaransa, mkoa wa Haute-Savoie, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Geneva. Gari la kamba la Pleney linaanzia mjini penyewe, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kukufikisha karibu mita 1,500. Upande wa pili wa mlima uko Les Gets, ambako mashindano ya dunia ya baiskeli za mlimani yalifanyika mwaka 2004 na tena 2022, na eneo lote, linalovuka mpaka hadi Uswisi, huitwa Portes du Soleil. Njia hupangwa kwa rangi: kijani kwa anayeanza, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Mgeni asidharau bluu. Bluu ya Alps inaposhuka mfululizo bila kipande tambarare cha kupumzikia, inachosha mikono kuliko njia nyingi za vumbi ulizowahi kupita nyumbani.

Piga hesabu kidogo uone breki zinabeba nini. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 90, wakishuka mita 500 na kusimama chini, nishati inayopaswa kupotea njiani ni takriban kilojuli 440. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji kutoka joto la kawaida. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi, lakini sehemu kubwa hugeuka joto kwenye diski mbili nyembamba za chuma. Anayeshuka huku ameshikilia breki kidogo kidogo muda wote anazinyima diski nafasi ya kupoa, na anavinyima vigasha vyake nafasi ya kupata damu. Breki zinalegea, mikono inakaza, vyote kwa wakati mmoja.

Dawa yake inajulikana, ila inahitaji moyo. Funga breki kwa nguvu mapema, wakati baiskeli bado imenyooka, kisha ziachie kabisa kabla hujaingia kwenye kona. Tairi lina mshiko wake, nao una kikomo; ukiutumia kusimama, kiasi kinachobaki cha kukata kona ni kidogo. Nafasi ile ya kuachia, hata ikiwa ni sekunde mbili, ndiyo mapumziko ya mkono. Ukizipata sekunde mbili hizo kwenye kila kona, utafika jioni ukiwa bado na vidole. Na usiogope breki ya mbele. Kwenye mteremko uzito unakwenda mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Ya nyuma ukiibana peke yake, gurudumu litajifunga na kuburuzika.

Hayo maburuzo ya maelfu ya watu ndiyo yanayochimba matuta madogo mfululizo kabla ya kona. Kufikia Agosti, Pleney imejaa matuta hayo, na ukipita juu yake huku umekaza mikono utadhani unapita kwenye rasta za barabara kuu kwa kilomita nzima. Simama juu ya pedeli, shusha visigino, viwiko viwe wazi, na uachie mpini mpaka uhisi umeushika tu bila kuukaba. Mara nyingi ukingo wa nje wa njia una udongo laini zaidi, upite huo.

Kabla ya kupanda, chukua dakika 15 na fundi wa duka la kukodi. Mwombe asogeze vishikio vya breki vikukaribie, kiasi kwamba kidole kimoja cha shahada kinafika bila kunyooshwa. Vidole vingine vitatu vibaki kushika mpini. Muulize ipi ni breki ya mbele. Ufaransa kwa kawaida iko kushoto, na kama umezoea mpangilio wa Kiingereza, ambao huiweka kulia, zungukazunguka kwenye maegesho mpaka mkono uzoee. Tazama pedi za breki zimebaki unene gani. Keti juu ya baiskeli ukiwa umevaa vifaa vyote: shokapu ya nyuma izame kama asilimia 30 ya kiasi inachoweza kuzama. Ikiwa ngumu kuliko hapo, kila mtetemo utaishia mikononi mwako.

Helmeti ya kufunika uso mzima, miwani, glavu, kinga za magoti na mgongo: vaa vyote, hata kwenye kijani.

Jambo la bima nalisema kwa msisitizo, hasa kwa anayekuja kwa viza ya Schengen. Bima inayotakiwa na ubalozi ni ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za namna hiyo haziingizi michezo ya hatari. Soma masharti, tafuta kama baiskeli ya kushuka mlima imetajwa, na kama haimo, ongeza malipo. Kushushwa mlimani ukiwa umevunjika mfupa kunaweza kuleta bili kubwa kabla hujafika hospitali. Namba ya dharura ni 112, na ukiona mtu ameanguka, weka baiskeli njiani, juu kidogo ya alipoangukia, upande wanakotokea wengine, ili wanaokuja wapunguze mwendo.

Mpangilio wa siku ninaoupenda ni huu: asubuhi anza na kijani au bluu, hata kama unajiona mtaalamu, kisha panda rangi, yaani nenda kwenye njia ngumu zaidi, kabla ya chakula cha mchana, mikono ikiwa bado mibichi. Baada ya kula rudi kwenye bluu. Watu wengi hufanya kinyume, wakiiweka njia ngumu kuwa ya mwisho. Mchana pia huleta radi za ghafla kwenye Alps. Magari ya kamba husimamishwa, na mizizi ikishalowa huwa na utelezi wa sabuni.

Kipimo changu ni kifungo cha helmeti. Ukifika juu ukajaribu kukifunga na vidole vikatetemeka, usishuke na baiskeli. Ingia tena kwenye gari la kamba. Pleney hushusha watu kama inavyowapandisha.