Upendo wetu unakwama kwenye kangomba

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni nini kinawazuia waumini wa kanisa moja kuishi kwa upendo, na kifanyike nini?" Najua wengi watajibu majungu, na wengine watawataja viongozi wanaong'ang'ania viti. Sikatai. Lakini huku kwetu Masasi, mkoani Mtwara, majungu mengi ukiyafuata hadi yalikoanzia unakuta fedha, na fedha yenyewe ni ya korosho. Mimi jibu langu ni kangomba.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze kidogo. Korosho zetu huuzwa mnadani kupitia vyama vya msingi vya ushirika, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi na kungoja mnada, na minada huanza mwezi wa kumi hivi. Tatizo ni miezi ya mwanzo wa mwaka. Fedha ya msimu uliopita imekwisha, mahindi shambani bado mabichi, watoto wanataka sare na madaftari, na ugonjwa nao haungoji mnada. Hapo ndipo anapotokea mwenye nacho, anakupa fedha leo kwa korosho ambazo hazijatoa hata maua. Bei anaipanga yeye. Hiyo ndiyo kangomba. Tuseme amekupa shilingi 1,000 kwa kilo. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300, mkulima aliyechukua fedha ya namna hiyo alikuwa ameshapoteza 2,300 katika kila kilo kabla hajaokota hata korosho moja. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na mwaka ule wanaoifanya walisakwa kwelikweli, lakini bado ipo, maana njaa ya mwezi wa pili bado ipo.

Na huyo mwenye nacho mara nyingi si mgeni. Ni mtu wa kitongoji hichohicho, tena tunasali naye. Namfahamu mama mmoja mjane aliyeweka mikorosho yake rehani kwa muumini mwenzetu anayekaa benchi la mbele. Padre akisema tupeane amani, wale wawili wanashikana mikono kama sisi wengine. Msimu ukifika, mmoja anaokota, mwenzake anabeba magunia. Halafu tunashangaa mama haonekani tena kwenye sala za jumuiya, na katibu anamwandika mtoro! Angekujaje, na sala wiki ile ilikuwa nyumbani kwa anayemdai?

Maandiko yetu hayakulifumbia macho jambo hili. Katika Mathayo 5 Bwana Yesu anasema ukiwa unaleta sadaka madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Tuangalie vizuri nani anatumwa. Si yule mwenye kinyongo, ni yule aliyesababisha kinyongo. Sisi tumegeuza: tunamwendea mjane kumsihi asamehe na arudi kundini, na mwenye magunia hakuna anayemgusa. Kumbukumbu la Torati 24 inakwenda mbali zaidi. Anayekopesha haruhusiwi hata kuingia nyumbani kwa mkopaji kuchukua rehani. Asimame nje aletewe. Na kama mkopaji ni maskini na rehani yenyewe ni nguo anayojifunika, jua likichwa arudishiwe. Jirani zangu Waislamu hunitania kwamba dini yao imekataza riba waziwazi. Nawajibu kwamba Kutoka 22 nayo imekataza, ila wapiga kangomba wapo kwao na wapo kwetu, kwa hiyo tusichekane.

Halafu kuna Barnaba, ambaye kila mhubiri anamtaja wakati wa mavuno. Matendo 4 inasema aliuza shamba lake, akaiweka fedha miguuni pa mitume ili asiwepo mwenye kuhitaji kati yao. Sisi tunaonunua mashamba ya ndugu zetu wakati wa njaa, kisha tukatoa fungu la kumi la faida, sijui tunamfuata Barnaba yupi.

Nalisema hili kwa uchungu zaidi kwa sababu ya historia ya kanisa letu hapa. Waanglikana wa kwanza wa Masasi walikuwa watumwa waliokombolewa, waliotoka Unguja na Askofu Edward Steere mwaka 1876. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, waliotenganishwa na koo zao. Mwenzao akiugua hapakuwa na mjomba wa kuitwa, na akifa hapakuwa na shangazi wa kusimamia matanga. Ndugu yao alikuwa yule waliyesali naye. Kanisa lililoanza hivyo, kwa watu waliokwisha kuuzwa, lingetakiwa kuwa la mwisho kumfunga mtu kwa deni.

Kifanyike nini? Kuhubiri tumeshahubiri vya kutosha. Sisi akina mama wa jumuiya yetu tumeanza mfuko. Korosho zikilipwa kila mmoja anaweka alichoweza, na fedha inakaa mpaka miezi ya shida, ndipo inakopeshwa bila riba. Ni fedha ndogo, haiwezi kujenga nyumba, ila inatosha gunia la mahindi au kumfikisha mgonjwa hospitali ya Ndanda.

Sisemi ni rahisi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wapo waliochukua wakaanza kupita njia ya nyuma wakituona. Wenzetu wengine walitaka majina ya wadaiwa hao yasomwe kanisani baada ya matangazo. Tulikataa, tukafuata Mathayo 18: kwanza anakwenda mtu mmoja, wawe wawili tu. Kwa mmoja tulikuta mume amelala kitandani tangu Pasaka na hakuna aliyekuwa na habari. Deni lake tulilifuta. Mwingine alikuwa na fedha na hakutaka kulipa, basi huyo hatumkopeshi tena, ila matanga yake tunakwenda na harusi yake tutapika.

Limebaki moja ambalo wazee wa kanisa hawapendi kulisikia. Mpiga kangomba mara nyingi ndiye mchangiaji mkubwa: bati zake, saruji yake, na jina lake linatangazwa kwa makofi. Barua ya Yakobo, sura ya 2, inakemea kumweka mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame pale. Mimi nimependekeza kwenye kikao kwamba anayeshika mikorosho ya muumini mwenzake asipokelewe mchango wa ujenzi mpaka airudishe. Hoja imeahirishwa mara mbili. Nitaipeleka tena kikao kijacho, na mjane wetu amekubali kuja kukaa nami.