Ndugu yako akiwa gerezani, andika barua

Nilifika getini na mfuko wa nguo safi, nikaambiwa mdogo wangu hayupo, kahamishwa. Lini? Wiki iliyopita. Wapi? Afande akafunga daftari. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha nikarudi nyumbani na nguo zilezile.

Kilichonisaidia ni karatasi. Jamaa mmoja aliyezoea mambo ya mahakamani alinipa Kanuni za Nelson Mandela, yaani viwango vya chini vya Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa. Zilianza mwaka 1955, zikarekebishwa 2015, ziko 122. Usizimeze zote, tafuta inayokuhusu. Yangu ilikuwa ya 68: mfungwa ana haki ya kuwaarifu ndugu zake mara moja anapofungwa, anapohamishwa, anapougua sana au kuumia. Kama wako anaumwa, soma ya 24, inayotaka apate matibabu ya kiwango kilekile cha watu walio nje, tena bure. Kama kafungiwa peke yake, soma ya 43 na 44. Zaidi ya siku 15 mfululizo ni marufuku.

Niliyoipigia mstari ni ya 56. Mfungwa akishindwa kulalamika, na wakili wake pia akishindwa, ndugu anaweza kulalamika kwa niaba yake. Kumbe nilikuwa na kauli siku zote!

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja tarehe uliyokwenda, saa, ulichojibiwa, na unachoomba. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na neno "wanyama". Nililifuta, ingawa kwa shingo upande. Toa nakala, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usitishie mtu kwa kanuni hizi, maana si mkataba. Ziambatanishe na sheria ya magereza ya nchi yako, na kifungu cha 10 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa kama nchi imeuridhia.

Na ukiweza kumfikia, muulize mwenyewe kwanza. Kanuni ya 57 inakataza mlalamikaji kulipiziwa kisasi, lakini anayelala mle ndani ni yeye, si wewe.

Jibu langu lilikuwa mistari miwili: jina la gereza na siku za kutembelea. Nikampelekea nguo zilezile. Suruali ilimpwaya, akaishikilia kwa mkono muda wote tukiongea.