Mwanangu, kuhusu hizo nguo za midoli

Mwanangu,

Salamu kutoka Mwanza. Sisi wazima, ziwa limetulia, na dagaa wameshuka bei.

Barua yako nimeisoma, mama yako naye kaisoma, tukabishana mpaka ugali ukapoa. Umeuliza mambo mawili kwa mpigo: kama mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuishi kwa kubuni nguo za midoli, na kama uache uhasibu huko Dar uingie kwenye kazi hiyo. La kwanza nalijibu leo. La pili linasubiri hesabu nitakayokuomba.

Anaweza. Wapo walioifanya mpaka wakastaafu. Mmarekani mmoja, Carol Spencer, aliajiriwa na kampuni ya midoli ya Mattel mwaka 1963, akambunia mdoli wao Barbie nguo kwa miaka 35 hivi. Nilipomsimulia fundi mwenzangu hapa barazani alicheka mpaka mshono ukampotea. Kisha akakaa kimya kidogo, akauliza walikuwa wanamlipa shilingi ngapi.

Mwingine ni Kitty Black Perkins, aliyeingia kampuni hiyohiyo mwaka 1976. Yeye ndiye aliyembuni Barbie wa kwanza mweusi, mwaka 1980. Kabla yake alikuwepo Christie, tangu 1968, lakini huyo aliuzwa kama rafiki wa Barbie, si Barbie mwenyewe. Perkins alimpa nywele fupi za afro na nguo nyekundu inayoita. Nimeitazama picha yake kwenye simu ya mdogo wako nikaikuza. Huyo mama alijua anamshonea nani. Na zingatia hili: wote wawili walianza na nguo za watu. Hakuna aliyeingia kwa kupenda midoli tu.

Unasema shangazi yako kakuambia ni mchezo wa watoto. Mwambie habari za Paris mwaka 1945. Vita ilikuwa bado haijaisha Ulaya, kitambaa ni cha kutafuta kwa tochi, na mafundi wakubwa wa nguo waliokuwa Paris, akina Balenciaga, wakashona nguo za fasheni kwa midoli ya waya yenye urefu wa sentimita 70 hivi. Vifungo vinafunguka, mikoba ina vitu ndani. Waliionyesha kwa watu, na fedha zikaenda kwa walioumizwa na vita. Waliokuwa wakivalisha matajiri waliona mdoli anafaa kubeba jina lao.

Sasa tuje kwenye fedha, maana wewe ni mhasibu. Ruth Handler wa Mattel alipomtoa Barbie New York mwezi Machi 1959, mdoli aliuzwa dola 3. Nguo ziliuzwa peke yake, kuanzia dola 1 hivi hadi 5. Yaani zipo zilizomzidi bei mwenyewe! Mdoli hununuliwa mara moja, nguo hazina mwisho. Mbunifu wa nguo zile za kwanza, Charlotte Johnson, alikwenda kukaa Japani, kwa sababu huko ndiko zilikoshonwa, nyingi na kina mama majumbani mwao. Nguo za kiganja kimoja zikawa na bitana na zipu. Hapo nilivua miwani. Mimi hapa nina wateja wazima wanaonung'unika nikiwatajia bitana.

Ulichotuma kwenye picha, lile gauni la kitenge la bega moja, rangi umezipanga vizuri. Ila gauni limesimama. Halikukaa mwilini, limemzunguka mdoli kama boksi, na pindo limetuna. Sababu yake si mkono wako. Barbie ana sentimita 29 hivi, yaani sehemu moja ya sita ya mtu. Kila kitu unakigawa kwa sita: kifua, kiuno, urefu. Lakini kitambaa hakigawanyiki. Unene wa uzi unabaki uleule, na uzito mdogo wa kipande hicho hautoshi kukivuta chini. Pindo la sentimita 1 ulilomkunjia ni sawa na mimi nikukunjie wewe sentimita 6. Kifungo cha shati cha milimita 10 kikikaa kifuani mwake, ni kama ubandike kifungo cha sentimita 6 kwenye blauzi yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha kitenge kizito. Tafuta pamba nyepesi, au khanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Nilimwomba mama yako ile ya kijani aliyokuwa akijifunga jikoni, akanipa upande mmoja baada ya maneno mengi, nikamshonea mdoli wa mtoto wa jirani dera. Lilimwagika mpaka miguuni kama dera la mtu. Nilitumia pindo la khanga, ule ukingo wa pembeni, si mji wa katikati, kwa sababu maua ya mji ni makubwa: ua moja linameza mdoli mzima kuanzia kwapa hadi goti. Hata kitenge ukikipenda sana, kata sehemu yenye vinukta na mistari ya pembeni. Jicho litasoma hivyo vidogo kama maua makubwa.

Sindano nayo. Huku tumezoea namba 14 na 16 kwenye cherehani. Hizo zinatoboa matundu yanayoonekana. Tumia namba 9, ufupishe hatua ya mshono, na pale kwenye kwapa shona kwa mkono wala usione haya. Mikono ya gauni iunganishe kitambaa kikiwa bado kimelala wazi, ndipo ufunge ubavu. Ukifunga ubavu kwanza kama tunavyofanya kwa watu, utaitafuta hiyo kwapa kwa kibano. Mgongo uache wazi mpaka chini ya kiuno, la sivyo haliingii. Na vidole vya mdoli vinanasa uzi: mvalishe kwanza kipande cha nailoni mkononi, upitishe, uvute.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni rangi. Vitambaa vyetu vingine vinachuja. Kwa mtu si neno, anaoga. Mwili wa plastiki ukinyonya wekundu, hautoki tena, na mteja wako atakurudishia gauni pamoja na mdoli. Fua kitambaa kabla hujakata, kisha kiloweshe, kikandamize juu ya kitambaa cheupe na ukiache usiku kucha. Cheupe kikipata rangi, hicho kitenge kitafaa kwa mito. Shanga na vifungo vidogo usiviweke kabisa kwenye nguo za midoli ya watoto wa chini ya miaka 3. Watoto humeza.

Unajua kwamba mwaka 2016 Barbie aliongezewa miili mingine mitatu, mrefu, mfupi na mnene? Gauni la mmoja linamkatalia mwingine. Ukizunguka soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza kwenye mitumba utaona balaa zaidi: midoli imekuja uchi, kila mmoja na kifua chake, huyu kichwa kikubwa, yule miguu haikunji. Usijaribu kuwashonea wote. Chagua mwili mmoja, utengeneze pateni yake, yaani kiolezo cha kukatia, kwenye karatasi ngumu, uijaribu kwa kitambaa cha bure mpaka ikae, ndipo ubuni. Nakusihi hapa kwa sababu nakujua, unapenda kuchora. Mchoro ni rahisi. Kampuni zinazoajiri wabunifu zitataka kuona nguo imemkaa mdoli, mbele na nyuma, na pateni yake pembeni.

Kuhusu kuajiriwa huko nje, sikukatazi kuomba. Ila kama ni mimi, ningeanza na watoto wa hapa. Nenda duka lolote la midoli mjini: ni magauni ya malaika na ya mabinti wa kifalme yenye theluji. Theluji! Hakuna mdoli aliyevaa sare ya shule ya msingi, sketi ya bluu na shati jeupe. Hakuna aliyevaa kwa ajili ya sendofu, na kilemba juu. Hakuna mama muuza samaki wa mwalo wa Kirumba na aproni yake. Mtoto wa Igoma anacheza na mdoli asiyefanana na yeyote anayemjua mtaani. Hapo kuna kazi ya mbunifu, na huhitaji ruhusa ya mtu kuifanya, mradi usibandike jina la kampuni nyingine kwenye lebo yako. Andika lako.

Pamba nayo inalimwa hapahapa Usukumani, ingawa nyingi inasafirishwa nje ikiwa bado nyuzi mbichi. Lakini hilo nikilianza sitamaliza leo.

Nimekufungashia pakiti ya sindano namba 9, pateni ya lile dera, na nusu ya khanga iliyobaki. Vinakuja na basi la kesho, nitakutumia namba ya gari. Wewe nifanyie hivi: shona gauni moja kwa pateni hiyo, uandike saa ulizotumia tangu kukata hadi kufunga kishikizo cha mwisho, bei ya kila kitu hadi uzi, na kiasi ambacho mtu asiye ndugu yako wala rafiki yako amekubali kulipa. Nguo zako zikishanunuliwa na watu wa namna hiyo mwezi hata mwezi, tuma hizo karatasi zote. Barua ya kuacha kazi tutaizungumza nikiwa nazo mkononi.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Ni mimi baba yako,
Mwanza