Kumpa Mnunuzi Ufunguo: Majibu kwa Wanaouza Pikipiki Zilizotumika

Barua za juma hili zimetoka kwa watu wanaouziana pikipiki bila kupitia kwa dalali, na karibu zote zinahusu dakika zile chache ambazo mnunuzi anaomba kuijaribu.

Ninauza pikipiki yangu aina ya Boxer hapa Jinja, Uganda. Mnunuzi anataka kuizungusha kabla ya kulipa, na ataniachia kitambulisho chake cha taifa pamoja na rafiki aliyekuja naye. Je, inatosha?

Haitoshi. Kitambulisho kikipotea mwenyewe huenda kuripoti na kupewa kingine, kwa hiyo utakachobaki nacho ni kipande cha plastiki ambacho huenda hata si chake. Kuhusu rafiki, ujanja huo ni wa zamani: anayeachwa mara nyingine ni mwendesha boda aliyekodiwa njiani, ambaye atashangaa kama wewe abiria wake asiporudi, tena atakudai nauli. Mnunuzi akitaka kukuachia pikipiki aliyokuja nayo, hiyo pia isikupumbaze, kwa sababu ikiwa ya wizi ni wewe utakayekutwa nayo.

Ninayoikubali mimi ni dhamana moja tu, nayo ni bei kamili mliyoafikiana, ikiwa imehesabiwa mbele ya shahidi, na mkiwa mmeandikiana kwamba akiirudisha nzima bila kuridhika atapewa fedha yake yote. Akituma kwa simu, usiuamini ujumbe ulioingia. Fungua salio lako mwenyewe, maana ujumbe wa kughushi huandikwa na mtu yeyote. Kutaneni mchana, mahali penye watu, ikiwezekana karibu na kituo cha polisi, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, akiwa shahidi mtakuwa mmefanya vizuri zaidi. Wapo watakaoona haya yote ni dharau. Nimeuza pikipiki mara mbili, na mara zote mbili aliyenuna ndiye aliyelipa.

Mimi ni mama wa Mbale, ninauza pikipiki ya marehemu mume wangu. Nikikaa nyuma ya mnunuzi anapoijaribu, si nitakuwa nimeilinda?

Pole kwa msiba, mama. Tafadhali usikae nyuma. Mtu usiyemfahamu ndiye atakayechagua njia, na akisimama kilimani akakuomba ushuke kwa kuwa injini imeishiwa nguvu, utabaki hapo ukiitazama ikiondoka. Mwombe shemeji au kijana unayemwamini asimamie mauzo, na utaratibu wa fedha uwe uleule niliomweleza msomaji wa Jinja. Kabla ya yote hayo, hakikisha una hati za urithi zinazokupa mamlaka ya kuuza, la sivyo mnunuzi hataweza kubadilisha jina kwenye kadi ya usajili.

Akianguka nayo je? Nina bima. (Arua)

Bima ya lazima nchini Uganda ni ile ya mtu wa tatu, ambayo humfidia mtu mwingine aliyeumizwa au aliyeuawa na chombo chako. Taa iliyovunjika na tangi lililobonyea havimo. Kwa sababu hiyo, katika karatasi mnayoandikiana ongezeni sentensi moja inayosema kwamba uharibifu wowote wakati wa majaribio utakatwa kwenye fedha aliyoiweka. Kabla hujampa ufunguo, omba kuona leseni yake, nayo iwe ya daraja A, yaani la pikipiki, na umpe kofia ngumu hata kama anakwenda mita mia tatu. Asiye na leseni asiendeshe kabisa. Amlete fundi wake aliye nayo.

Mnunuzi wangu anatoka ng'ambo ya mpaka na anataka kuijaribu hadi Busia ya Kenya. (Busia)

Mkatalie. Chombo kinachovuka mpaka kina taratibu zake za forodha, na barabara ya upande wetu inatosha kupimia gia na breki.

Mimi ndiye mnunuzi, niko Kampala. Muuzaji hataki niijaribu mpaka nimkabidhi fedha yote. Je, ananionea?

Hakuonei, lakini nawe una haki ya kuuliza maswali yako kwanza. Kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha namba ya injini na namba ya chesisi zilizogongwa kwenye chuma na zile zilizo katika kadi, kisha utazame kama jina lililoandikwa ni la huyo anayeuza. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono, na ukiikuta ina joto, uliza kwa nini, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa huficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Ukishapanda, pitia gia zote, piga breki mahali palipo tupu, achia usukani kidogo tu uone kama inavuta upande mmoja, na uangalie moshi: ukiwa wa buluu, injini inakula oili, na hapo bei inazungumzwa upya.