Notisi ya kuhama: usianze kuhesabu siku kabla hujajua mpangaji aliipata lini

Wewe uliyeanza juzi kazi ya kusimamia nyumba za kupangisha, jiandae. Siku moja mwenye nyumba atakupigia simu aseme, "Yule mpe notisi," kisha akate. Mimi nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilichukua karatasi, nikaandika mistari minne, nikaipenyeza chini ya mlango, nikaenda zangu. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimesimama mbele ya hakimu. Ameishika ile karatasi, anaigeuza mbele na nyuma, ananiuliza, "Huyu mpangaji aliipata lini?"

Sikuwa na jibu. Kesi ikafutwa, tukaambiwa tukaanze upya, na mwenye nyumba hakunisemesha wiki nzima.

Notisi haimtoi mtu ndani ya nyumba. Kazi yake ni kuanzisha hesabu ya siku, na hesabu isiyo na siku ya kwanza si hesabu. Siku zikiisha na mpangaji bado yumo, unakwenda mahakamani au kwenye baraza linaloshughulikia mambo ya nyumba. Amri ikitolewa, anayeitekeleza ni ofisa au dalali wa mahakama. Si wewe na fundi wa makufuli. Wenye nyumba wengi wanadhani siku ya mwisho ikipita wana ruhusa ya kubadilisha kitasa, kukata maji au kutoa vyombo nje. Sheria za nchi nyingi zinakataza hayo hata kama mtu anadaiwa kodi ya mwaka mzima, na ukishiriki, utajibu pamoja na aliyekutuma.

Kabla ya kushika kalamu, soma mkataba wa upangaji wote, hasa kile kipengele cha notisi ambacho watu hukiruka. Kisha soma sheria ya mahali nyumba ilipo, maana mkataba ukitoa siku pungufu ya zile za sheria, mara nyingi sheria ndiyo inayoshinda. Usichukue sampuli ya intaneti ukabadilisha majina tu. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliniletea notisi safi kabisa, imepangwa vizuri, ila inamtisha mpangaji kwamba "sherifu", yule ofisa wa Marekani anayetekeleza amri za mahakama, atakuja. Kwetu hakuna sherifu.

Tofauti si ndogo. California, mpangaji anayedaiwa kodi hupewa siku 3 za kulipa au kuhama, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mahakama hazihesabiwi. Kenya, kwa maduka na vyumba vya biashara vinavyolindwa na Sura ya 301, yaani sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na migahawa, notisi lazima iwe kwenye fomu maalumu na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Kwa hiyo barua nzuri ya nchi moja inaweza kuwa karatasi ya kufungia vitu nchi nyingine.

Halafu jiulize unampa notisi ya nini. Kuna ile ya kumwambia arekebishe jambo, yaani alipe malimbikizo au aache kuvunja sharti fulani, la sivyo ahame. Na kuna ile ya kumaliza upangaji wenyewe. Usizichanganye katika karatasi moja. Ukimwandikia mtu "lipa" kwenye aya ya kwanza na "hama kwa vyovyote" kwenye ya tatu, wakili wake atakushukuru.

Kama ni deni, kiasi kiwe sahihi. Nimeona notisi nzuri ikiangushwa kwa sababu mwenye nyumba aliongeza bili ya maji, faini ya kuchelewa na gharama ya kupaka rangi, vyote akaviita kodi. Mimi huandika mwezi mmoja mmoja: kodi ya mwezi fulani, kilicholipwa, kilichobaki. Ni kazi ya robo saa, na inamnyima mpangaji nafasi ya kusema hakujua anadaiwa nini.

Majina nayo. Waliotia saini mkataba ni wawili? Waandike wote wawili, kama walivyoandikwa mle, si majina ya utani ya jirani. Weka namba ya chumba, tarehe ya leo, sababu kama sheria inaitaka, na tarehe ya kuhama kwa maneno yasiyo na mashaka. "Ndani ya muda unaofaa" si tarehe. Kama unasaini kwa niaba ya mwenye nyumba, uwe na barua ya kukuruhusu, na nakala yake uwe nayo mkononi.

Sasa tarehe, ambako hata wazoefu hujikwaa. Siku ya kukabidhi kwa kawaida haihesabiwi. Pia upangaji wa mwezi hadi mwezi, katika nchi nyingi zenye asili ya sheria ya Kiingereza, huisha mwisho wa kipindi cha kodi na si katikati, isipokuwa sheria au mkataba useme vingine. Chukua mpangaji anayelipa kuanzia tarehe 1. Ukimpa notisi ya mwezi mmoja tarehe 3 Machi, usiandike ahame tarehe 3 Aprili. Machi umeshaikosa, mwezi kamili ni Aprili, na siku ya mwisho ni tarehe 30. Hilo nalo nililijifunza kwa kufukuzwa mahakamani, ila sitaki kulisimulia. Ukiwa na wasiwasi ongeza siku kadhaa. Hakuna notisi niliyoiona ikianguka kwa kuwa ndefu mno.

Kukabidhi ndiko hasa nilikotaka kufika. Njia bora ni mkononi mwa mpangaji mwenyewe, mchana, ukiwa na shahidi asiye ndugu wa mwenye nyumba. Msalimie, mwambie hii ni notisi ya kuhama, mpe, muombe asaini nakala yako. Akikataa kusaini, usibishane. Akikataa hata kuishika, iweke mbele yake, mwambie umeiacha, ondoka, kisha andika yote hayo hapo hapo. Kukataa kwake kupokea, kwa kawaida, hakuifuti notisi. Kuivuta shati yake ili aishike kutakuletea kesi nyingine.

Asipokuwepo, sheria nyingi zinaruhusu kumwachia mtu mzima anayeishi humo, au kubandika mlangoni na kutuma nakala nyingine kwa posta ya rejesta. Mara nyingi njia hizo zina mpangilio: huruhusiwi kubandika mpaka uwe umemtafuta ukamkosa. Kamwe usimpe mtoto. Ujumbe wa simu au barua pepe hutosha tu pale mkataba au sheria inapokubali. Mimi huutuma kama nyongeza, sio kama notisi yenyewe. Na ukipiga picha ya karatasi mlangoni, rudi nyuma hatua mbili namba ya chumba ionekane. Nilikuwa na picha nzuri sana ya karatasi kwenye mlango wa mbao ambao ungeweza kuwa mlango wa mtu yeyote.

Baada ya hapo, mkanye mwenye nyumba asipokee kodi kimyakimya. Fedha ya kipindi kinachofuata tarehe ya kuhama, ikipokelewa na kupewa risiti ya kawaida, yaweza kuhesabiwa kwamba ameisamehe notisi na upangaji unaendelea. Aulize wakili kwanza. Pia muulize kama mpangaji alilalamikia paa linalovuja wiki iliyopita. Nchi kadhaa zinaitazama notisi ya namna hiyo kama kisasi, na mara nyingi huwa ni kisasi kweli. Mimi nimewahi kukataa kuipeleka.

Nina daftari dogo la kazi hii tu. Kila nikikabidhi naandika tarehe, saa, nani alifungua, alisema nini, shahidi ni nani, na ndilo hunisaidia ninapoapa hati ya kiapo. Miaka kadhaa baada ya aibu ile, mpangaji mwingine alidai mahakamani kwamba hajawahi kuniona. Hakimu akaniuliza lile lile swali la siku ile. Nikafungua daftari nikasoma: Jumanne, saa kumi na nusu jioni, alifungua mwenyewe, ana beseni la nguo, akasema niiweke juu ya ndoo kwa sababu mikono ina sabuni. Mpangaji akaangalia chini, akacheka kidogo, akamwambia hakimu kwamba beseni analikumbuka.